Je, wajua umri wa fidla haujulikani kwa lebo yake?

Mzee mmoja mpiga taarab aliwahi kunionyesha fidla yake. Nikachungulia kupitia tundu lenye umbo la herufi f, nikakuta kikaratasi kilichofifia: "Antonius Stradivarius Cremonensis", na mwaka wa elfu moja mia saba na kitu. Moyo ukaruka: hilo ni jina la Kilatini la Antonio Stradivari, fundi mashuhuri wa fidla. Kumbe tangu karne ya 19 viwanda vya Ujerumani na Bohemia vilitoa fidla kwa maelfu vikizibandika jina hilo, mara nyingi bila nia ya kulaghai. Lilimaanisha tu kwamba umbo limefuata la Stradivari. Hata lebo halisi ni karatasi na gundi: hubanduliwa huku, ikabandikwa kule.

Utata huzidi kwa kazi zake za ujanani. Lebo yake ya kwanza inayojulikana, ya 1666, inamtaja kuwa mwanafunzi wa Nicolò Amati, fundi mkuu wa Cremona, Italia. Wataalamu hawajakubaliana kama kweli alifundishwa naye, ila fidla zake za mwanzo zinafanana sana na za Amati.

Basi huulizwa ubao. Uso wa fidla ni sprusi, mti wa milimani wa jamaa ya msonobari. Kila mwaka mti huongeza pete moja: majira ya joto yakiwa mazuri huwa pana, yakiwa ya baridi huwa nyembamba. Ni kama ngoma. Ukisikia mapigo mawili hujui inapigwa nini; ukisikiliza dakika nzima utasema, hii chakacha. Pete mia moja ni dakika nzima. Mtaalamu hupima upana wa kila moja, kisha husogeza mfuatano huo juu ya ule wa miti ya Alps yenye miaka inayojulikana, mpaka mapigo yaangukiane.

Lakini huo ni mwaka wa pete ya mwisho iliyobaki, si wa fidla. Fidla iitwayo Messiah, iliyoko Oxford, Uingereza, ina lebo ya Stradivari ya 1716, na pete yake ya mwisho ni ya miaka ya 1680. Pete ya 1750 ingeiumbua, maana Stradivari alifariki 1737. Ya miaka ya 1680 haisemi nani aliishika randa.

Ile ya mzee haikuhitaji vipimo. Chini ya mwaka, kwa herufi ndogo, palichapwa: imetengenezwa Ujerumani.