Kontena la wakala wa msimbo: ni nini, na programu ya kulisimamia hufanya nini

Kontena la wakala wa msimbo ni sehemu iliyotengwa ndani ya kompyuta. Humo wakala wa akili mnemba anapewa faili za mradi mmoja, zana za kuufanyia kazi na uhuru wa kuendesha amri, bila kuona vitu vingine vilivyo kwenye mashine hiyo. Programu ya kulisimamia ni ile yenye dirisha na vitufe unayoisakinisha kwenye laptopu yako, ambayo kwayo unaunda makontena, unayawasha, unayachungulia na kuyafuta bila kuandika amri ndefu kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Wengi wakishaiona programu hiyo na taa zake za kijani hudhani ndiyo inayowalinda. Kinacholinda ni kuta za kontena, na kuta hizo zina matundu ambayo mwenye laptopu huyatoboa mwenyewe.

Haja ya kitu hiki si ya zamani. GitHub Copilot, msaidizi wa kuandika msimbo, ilipoanza kujaribiwa mwaka 2021 ilikuwa inapendekeza mistari ya msimbo tu. Wewe ndiye uliyeikubali au kuikataa, na wewe ndiye uliyeendesha programu. Mwaka 2025 zikaja zana za aina nyingine: Claude Code ya Anthropic mwezi Februari, na Codex ya terminali kutoka OpenAI mwezi Aprili. Hizi zinasoma folda nzima, zinabadilisha faili, zinasakinisha maktaba (msimbo ulioandikwa na wengine) na kuendesha majaribio, na yakifeli zinarekebisha na kuyarudia. Amri zote hizo zinaendeshwa kwenye mashine yako kwa mamlaka yako. Unachoweza kukifuta wewe, wakala naye anaweza.

Ulinzi wa kwanza waliouweka waundaji ni wa kuuliza: kabla ya amri yenye uzito, wakala anasimama na kuomba ruhusa. Kwa dakika kumi za mwanzo mtu husoma kila swali. Baada ya hapo anabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, huku macho yakiwa kwenye simu. Claude Code ina hata swichi ya kuruka maswali yote, na waundaji wenyewe wanashauri itumike tu ndani ya mazingira yaliyotengwa, kama kontena au mashine pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta), yasiyo na intaneti. Hapo ndipo kontena linapopata kazi: ukitaka wakala ajitume saa nzima bila kukusumbua, mtafutie mahali ambapo kosa lake halifiki mbali.

Kontena lenyewe ni jambo la Linux. Kerneli, ile sehemu ya mfumo wa uendeshaji inayogawa RAM, diski na muda wa prosesa, inaweza kulionyesha kundi la programu orodha yake peke yake ya michakato, mfumo wake wa faili na mtandao wake. Kuna pia cgroups, kazi iliyoanzishwa na wahandisi wa Google na kuingizwa kwenye kerneli mwaka 2008, ambayo huliwekea kundi hilo kikomo cha RAM na prosesa. Docker, iliyotoka hadharani Machi 2013, iliyakuta haya yapo. Ilichofanya ni kuyaunganisha na kuyafanya yatumike kirahisi, pamoja na imeji: kifurushi kimoja chenye faili na zana zote, unachoweza kukihamisha kutoka mashine moja hadi nyingine na kikafanya kazi vilevile.

Fikiria ploti ya vyumba vya kupanga kule Githurai. Kila mpangaji ana mlango na kufuli lake na hajui jirani amepika nini, lakini tangi la maji ni moja. Tangi hilo ndilo kerneli. Mashine pepe ni nyumba iliyojengwa peke yake yenye tangi lake: ni salama zaidi, ila inagharimu zaidi. Mpangaji mkorofi akipata njia ya kulifikia tangi, ploti nzima imo hatarini. Kasoro za namna hiyo kwenye kerneli hugunduliwa na kuzibwa mara kwa mara, na ndiyo sababu msimbo usiouamini kabisa hupelekwa kwenye mashine pepe.

Kwenye Windows na Mac mambo yanachanganyika kidogo. Kontena la Linux linahitaji kerneli ya Linux, kwa hiyo programu ya kusimamia huwasha kimyakimya mashine pepe ya Linux na kuyaweka makontena yote ndani yake. Kwenye Windows kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na WSL 2, sehemu ya Windows ya kuendeshea Linux. Unapata ukuta wa ziada, lakini unaulipia kwa RAM. Laptopu nyingi za vijana wanaoanza kazi hii Nairobi ni zile za ex-UK, zilizokwisha kutumika Uingereza, zenye GB 8. WSL 2 isipowekewa mipaka huruhusiwa kuchukua hadi nusu ya RAM, yaani GB 4, na bado kivinjari na kihariri vinataka chakula chao. Wakala mmoja na hifadhidata ndogo ya Postgres wanaenea. Mawakala watatu kwa mpigo, kila mmoja akiendesha majaribio yake, watakufundisha subira. Jambo jingine kwa watu wa Windows: mradi uliowekwa kwenye diski C na kusomwa kutoka ndani ya Linux huenda polepole sana, uweke kwenye mfumo wa faili wa Linux wenyewe.

Kumbuka kwamba RAM hiyo haiendi kwa akili ya wakala. Modeli yenyewe iko kwenye seva za kampuni inayoiuza, nje ya nchi. Kilicho ndani ya kontena ni mikono yake tu: programu ndogo inayotuma vipande vya msimbo wako kwa modeli, inapokea maagizo, kisha inayatekeleza. Kwa hiyo kontena halizuii msimbo wako kutoka nje ya laptopu. Bila msimbo huo kutumwa, wakala hana cha kufanyia kazi. Ukiwa na faili yenye majina, nambari za simu na vitambulisho vya wateja halisi, usiiache humo kwa sababu tu "iko kwenye kontena". Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahusu data za watu popote zinapopelekwa. Tengeneza wateja wa kubuni. Wakala huyohuyo atakuandalia elfu moja kwa dakika.

Sasa programu yenyewe ya kusimamia. Ziko za aina mbili. Za kwanza ni za makontena kwa jumla: Docker Desktop, Podman Desktop, Rancher Desktop. Hizi hazijui kama ndani kuna wakala au kuna duka la mtandaoni. Zinakuonyesha makontena yanayofanya kazi, RAM yanayokula, milango ya mtandao iliyofunguliwa, na ujumbe unaotolewa na kila kontena. Za pili zimejengwa juu ya hizo kwa ajili ya mawakala hasa. Unachagua mradi, unaandika kazi unayotaka, nayo inaunda kontena, inalipatia tawi lake la Git (programu ya kutunza historia ya msimbo), inamwingiza wakala na kukuonyesha mabadiliko aliyofanya mstari kwa mstari ili uyakubali au uyatupe. Ukitaka mawakala wawili wajaribu njia mbili za kurekebisha hitilafu moja, kila mmoja anapata kontena na nakala yake ya faili, na hawakanyagani. Nakala hizo mara nyingi hutengenezwa kwa worktree, uwezo uliomo ndani ya Git tangu mwaka 2015.

Maelezo ya mazingira huandikwa kwenye faili, mara nyingi devcontainer.json, inayotaja imeji ya kuanzia, zana za kuongeza na milango ya kufungua. Faili hiyo ikikaa pamoja na msimbo, mwenzako aliye Mombasa anapata mazingira yaleyale bila kukupigia simu.

Kuhusu gharama: tangu mwaka 2021 Docker Desktop inalipiwa na kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 250 au mapato yanayozidi dola milioni 10 kwa mwaka. Kampuni changa nyingi za Kilimani hazifiki huko. Benki inafika, na mtu anayeisakinisha kwenye laptopu ya benki aulize kwanza. Podman Desktop na Rancher Desktop ni za msimbo huria.

Turudi kwenye matundu. Chukua mradi wa kawaida wa Nairobi: mfumo wa kukusanya kodi za nyumba unaopokea malipo kwa M-Pesa kupitia Daraja, lango la Safaricom kwa watengeneza programu. Ukiunda kontena, dirisha litakuuliza ni folda gani uiunganishe. Mvivu huchagua folda yake yote ya nyumbani, ili asisumbuke baadaye. Kwa kitendo hicho amemkabidhi wakala funguo za SSH za kuingilia seva, nywila zilizohifadhiwa, na miradi ya wateja wengine wote. Kontena lipo, taa ni ya kijani, na ukuta haupo. Unganisha folda ya mradi mmoja tu.

Ndani ya folda hiyo kuna faili ya .env yenye funguo za Daraja. Daraja ina mazingira ya majaribio, yenye nambari ya biashara 174379 ambayo kila aliyejaribu STK push (ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja) anaijua kwa moyo, na ina mazingira halisi ambamo pesa ni pesa. Funguo za majaribio ziingie kwenye kontena. Funguo halisi zikae kwenye seva na zisikanyage laptopu kabisa. Hili lina uzito zaidi kama mfumo unatumia B2C, huduma ya kutuma pesa kutoka kampuni kwenda kwa mteja. Wakala anayerudia jaribio lililofeli mara ishirini ni mchapakazi mzuri akiwa na funguo za majaribio. Akiwa na funguo halisi, sitaki kukaa karibu na mwenye akaunti.

Julai 2025 wakala wa Replit, jukwaa la kutengenezea programu mtandaoni, alifuta hifadhidata hai ya mtumiaji aliyekuwa amemwagiza asibadilishe kitu. Hakuhitaji kuvunja ukuta wowote. Njia ya kuifikia hifadhidata hiyo alikuwa nayo. Baada ya tukio hilo kampuni ilitangaza kutenganisha hifadhidata za maendeleo na zile halisi.

Tundu jingine ni soketi ya Docker, faili ambayo programu huitumia kuongea na injini ya makontena. Baadhi ya maelekezo ya mtandaoni hukwambia uiunganishe ndani ya kontena ili wakala aweze kuwasha makontena mengine. Kwa soketi hiyo anaweza kuamuru kontena jipya lenye diski yote ya mashine ndani yake. Kwenye Linux hiyo ni sawa na kumpa mamlaka ya mkuu wa mfumo. Kama si lazima kwa mradi, kataa.

Tundu la mwisho ni mtandao, na ndilo gumu kuliziba. Wakala husoma maandishi asiyoyaandika bosi wake: maelezo ya maktaba, malalamiko ya watumiaji, kurasa za tovuti. Mtu mbaya anaweza kuficha humo agizo la kusoma .env na kuituma mahali fulani, na modeli huweza kulifuata. Kontena lenye intaneti wazi halizuii hilo hata kidogo. Dawa ni orodha ya anwani zinazoruhusiwa: seva ya modeli, hazina ya maktaba, GitHub (tovuti ya kuhifadhia msimbo), basi. Hata hiyo ina upenyo, maana siri inaweza kutumwa GitHub kwenyewe, na ndiyo sababu nyingine ya kutoweka siri ya maana humo ndani. Daraja nayo inaongeza shida yake: majibu ya malipo hutumwa kwenye anwani ya HTTPS iliyo wazi kwa umma, na laptopu iliyo nyuma ya Wi-Fi ya nyumbani haina anwani hiyo. Watu hufungua njia kwa ngrok au zana kama hiyo. Ifungue unapojaribu malipo, kisha ifunge. Mara nyingi inaachwa wazi wiki nzima.

Kuhusu bando: imeji hupakuliwa kwa matabaka, na tabaka ambalo tayari liko kwenye mashine halipakuliwi tena. Imeji kamili ya Node, programu ya kuendeshea JavaScript, ikishafunguliwa huzidi GB 1, ile ndogo ya alpine iko chini ya MB 200. Pakua ukiwa na intaneti ya ofisini. Imeji za zamani zinarundikana kwenye diski bila kukuambia, kwa hiyo kitufe cha kusafisha kina kazi, lakini soma kinachofutwa kabla ya kubonyeza. Ukifuta kontena, faili za folda iliyounganishwa zinabaki; vilivyokaa ndani ya kontena pekee vinakwenda nalo; na hifadhidata iliyo kwenye voliyumu (hifadhi iliyo nje ya kontena) inabaki au inapotea kulingana na kisanduku ulichotia alama.

Ukitaka kujua kontena lako limefungwa kiasi gani, usiulize dirisha. Fungua terminali ndani ya kontena lenyewe, kitufe chake kipo kwenye programu nyingi hizi, uandike ls -a ya folda ya nyumbani ili uone faili zote hata zilizofichwa, kisha env ili uone siri zilizowekwa kwenye mazingira, kisha curl ili ujaribu kufikia tovuti yoyote isiyo kwenye orodha yako. Unachokiona hapo ndicho anachokiona wakala. Ukikuta funguo za SSH, ukikuta siri ya Daraja halisi, au tovuti ikijibu, simamisha kontena na uliunde upya kabla hujampa kazi.