Mia ya Hisa si Mia ya Dola: Soma Oda Yako Kabla ya Kubonyeza

Kijana mmoja anayeuza vifaa vya simu Kamalondo aliingia ofisini kwetu hapa Lubumbashi akiwa ameshika simu yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sahani ya moto. Alikuwa amekusanya dola 400. Alitaka aanze pole pole, anunue hisa za dola 100 tu za kampuni moja ya Marekani ambayo hisa yake ilikuwa dola 38. Akaandika 100 kwenye kisanduku, akabonyeza kununua, akathibitisha.

"Papa, niliandika mia nikijua ni dola," akaniambia. "Kumbe ni hisa mia."

Hisa 100 kwa dola 38 ni dola 3,800. Mtu angetegemea oda ikataliwe, maana fedha hiyo hakuwa nayo. Lakini akaunti aliyofunguliwa ilikuwa ya mkopo: dalali, yaani kampuni inayomnunulia hisa, alimruhusu anunue hadi mara kumi ya fedha yake. Oda ikapita bila neno. Siku mbili baadaye hisa ilikuwa dola 36. Kushuka kwa dola mbili si jambo la kutisha kwa mwenye hisa mbili au tatu. Kwake yeye zilikuwa dola 200, nusu ya akiba yake yote.

Kazi ya ofisi yetu ni kuelimisha watu juu ya fedha. Hatuuzi hisa, wala hatumwambii mtu anunue ipi. Ila katika mwaka huu wote, wanaokuja na uchungu wa namna hii ni wengi kuliko wanaokuja kwa sababu kampuni waliyoichagua ilianguka. Fedha inawatoka katika sekunde kumi za kujaza oda.

Na asidhani mtu kuwa hayo ni ya wasiosoma. Tarehe 2 Mei 2022, mfanyakazi wa benki ya Citigroup kule London alitaka kuuza hisa za dola milioni 58. Hiyo milioni 58 akaiandika kwenye kisanduku cha idadi badala ya kisanduku cha thamani. Oda ikawa ya dola bilioni 444. Mitambo ya benki ilizuia sehemu kubwa, lakini hisa za dola bilioni 1.4 ziliuzwa kabla hajaifuta, na bei zikashuka kwa ghafla katika masoko ya Ulaya. Kompyuta ilikuwa imetoa maonyo 711. Kwenye skrini yalionekana 18 ya kwanza tu, na mtu aliweza kuyapita yote kwa pamoja. Mwaka 2024 wasimamizi wa Uingereza waliipiga benki hiyo faini ya pauni milioni 61.6. Kosa ni lile lile la kijana wa Kamalondo. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na mtambo wa kumzuia.

Kwa hiyo jambo la kwanza: jua kisanduku kinauliza nini. Programu nyingi zina kitufe kidogo cha kubadilisha kati ya hisa na dola, na hukumbuka ulichotumia mara ya mwisho. Na unapofungua akaunti, omba akaunti ya fedha taslimu, ile isiyo na mkopo. Hapo ukikosea idadi ikazidi fedha uliyo nayo, oda itakataliwa kwa kukosa salio, na kukataliwa huko ni baraka.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi hasa tuliosoma kwa Kifaransa, na sijaona likielezwa. Sisi tunaandika bei kwa koma: 12,50 ni dola kumi na mbili na senti hamsini. Programu nyingi za masoko haya zimetengenezwa kwa desturi ya Marekani, ambako senti hutengwa kwa nukta na koma hutenga maelfu. Zipo zinazokataa koma, na hizo hazina neno. Zipo pia zinazoitupa koma bila kukuambia, na 12,50 yako inageuka 1250. Ukiwa unanunua na umeweka hiyo kama bei ya juu, umewaambia watu kwamba uko tayari kulipa dola 1,250 kwa kitu cha dola 12. Andika nukta, kisha toa jicho kwenye jumla iliyo chini ya skrini, si kwenye kile ulichokiandika. Jumla ndiyo inayosema ukweli.

Bei zenyewe nazo zina lugha yake. Vijana wengi hapa wanataka hisa za kampuni wanazoziona kwa macho, zile zinazochimba shaba na kobalti Kolwezi. Ninawaelewa. Glencore iko kwenye soko la London, na huko bei huandikwa kwa peni: ukiona 350, ni pauni tatu na nusu. Kampuni hiyo hiyo iko Johannesburg pia, na huko bei huandikwa kwa senti za randi. Ivanhoe Mines, yenye sehemu katika mgodi wa Kamoa-Kakula, iko Toronto kwa herufi IVN, jina fupi la hisa sokoni, na dola yake ni ya Kanada. Mtu akitafuta neno Ivanhoe tu, anaweza kuletewa Ivanhoe Electric, herufi IE, ambayo mradi wake mkubwa wa shaba uko Arizona. Ni kampuni mbili. Mwaka 2020, wakati dunia nzima ilipoanza kukutana kwa video, watu walikimbilia herufi ZOOM wakati kampuni waliyoitaka ni ZM. Wasimamizi wa Marekani ilibidi wasimamishe biashara ya hiyo ZOOM nyingine. Soma jina kamili, soko na sarafu. Hapo sina la kuongeza.

Pa kukaa kidogo ni aina ya oda, maana hapa ndipo maneno yanapowapoteza watu.

Oda ya soko maana yake ni "nipe sasa, kwa bei iliyopo". Nenda soko la Kenya hapa Lubumbashi asubuhi useme kwa sauti unataka mifuko kumi ya unga, bei yoyote. Wa kwanza ana miwili, atakupa kwa bei ya kawaida. Wa pili ana mitatu na amekusikia. Mitano ya mwisho utainunua kwa bei ambayo jirani yako hatakubali kuisikia. Soko la hisa liko hivyo hivyo: bei unayoiona ni ya hisa chache zilizo mbele ya foleni. Kwa kampuni kubwa foleni ni ndefu na tofauti ni senti. Kwa kampuni ndogo, au nje ya saa za kazi, foleni ni ya watu wawili.

Saa zenyewe zinawachanganya wengi. Soko la New York hufunguliwa saa 15:30 kwa saa ya Lubumbashi, Goma na Bukavu kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba, na saa 16:30 miezi iliyobaki, kwa kuwa wao hubadilisha saa na sisi hatubadilishi. Oda ya soko unayoiweka asubuhi kabla ya kwenda kazini italala hapo hadi wafungue, kisha itatimizwa kwa bei ya dakika ya kwanza, ambayo inaweza kuwa mbali na uliyoiona. Anayeanza atumie oda ya limiti: unataja bei ya juu utakayolipa, au ya chini utakayokubali ukiuza. Ikikosa mtu, inakosa, na fedha yako iko salama.

Oda ya stopu ndiyo inayochanganywa zaidi na limiti. Tuseme una hisa ya dola 10. Unataka iuzwe ikipanda hadi 12: hiyo ni limiti. Unataka iuzwe ikishuka hadi 8 ili usipoteze zaidi: hiyo ni stopu. Ukigeuza, ukaweka limiti ya kuuza kwa 8, umesema "niuzie kwa 8 au zaidi", na kwa kuwa soko liko 10, hisa inaondoka papo hapo. Nimewaona watu wakilalamika kwamba programu imewaibia, nikasoma oda pamoja nao, na oda ilifanya kile ilichoambiwa.

Stopu nayo ikishawaka, yaani bei ikishafika pale ulipoitaja, inageuka oda ya soko. Asubuhi ya tarehe 24 Agosti 2015, New York ilifunguliwa na fahirisi ya Dow, kipimo cha hisa za kampuni kubwa za Marekani, ikaanguka zaidi ya pointi 1,000 katika dakika za mwanzo. Stopu za watu wa kawaida ziliwaka zote wakati mmoja, wanunuzi hawapo, na hisa zikauzwa kwa bei zilizorudi juu muda mfupi baadaye. Soko hilo lenyewe liliacha kupokea oda za stopu mwanzoni mwa 2016; leo madalali huziweka kwenye mitambo yao wenyewe. Stopu inakuambia utauza lini. Haikuahidi bei.

Mtandao wetu unajulikana. Unabonyeza, duara linazunguka, mega zinaisha au umeme unakatika, unabonyeza tena. Oda ya kwanza ilikuwa imefika. Usibonyeze mara ya pili kabla ya kufungua orodha ya oda zako. Na kufuta oda ni ombi tu, linaweza kuchelewa: mwaka 2005 Mizuho Securities ya Tokyo ilitaka kuuza hisa moja ya J-Com kwa yeni 610,000, ikaweka oda ya kuuza hisa 610,000 kwa yeni moja moja. Walijaribu kuifuta, mfumo wa soko ukakataa. Hasara ilifika karibu yeni bilioni 40.

Ukishakosea, mpigie au mwandikie dalali dakika hiyo hiyo. Soko la Marekani linaweza kubatilisha biashara ambayo bei yake iko mbali mno na bei ya soko, na dalali ana dakika 30 za kupeleka ombi. Idadi uliyoikosea ni yako: kwa hiyo hawabatilishi. Usinunue kingine kwa haraka ili urudishe kilichoondoka.

Yule kijana aliuza hisa zile zote akabaki na dola 200, akahamia akaunti ya fedha taslimu. Nilimwomba afanye jambo moja tu: kabla ya kuthibitisha, aisome oda kwa sauti, yote. Wiki iliyopita alikaa kwenye kiti kile kile, simu mezani, akasoma: "Ninanunua hisa mbili. Bei isizidi dola thelathini na saba. Oda ya leo tu. Jumla, dola sabini na nne." Akaniangalia, nikanyamaza, akaisoma tena.