Acheni kutaka kome wamwagwe kwenye mito michafu

Nimetumiwa tena ile video. Matangi mawili ya maji ya tope, moja limetiwa kome, wale viumbe wa majini wenye magamba mawili, na baada ya saa chache maji yake yanang'aa. Swali linalofuata nalijua kwa moyo: "Si muwalete hao kome mkawamwage Msimbazi?" Au Mto Nairobi, kutegemea anayeuliza anakaa wapi.

Jamani. Kome wa kwenye video amechuja tope na mwani. Hicho ndicho chakula chake. Asichokitaka anakiviringisha kwenye ute na kukitema chini. Amonia ya maji taka haitemwi hivyo, inamwingia mwilini. Mwaka 2013 Marekani ilipokaza viwango vya amonia kwenye maji yasiyo ya chumvi, sababu kubwa ilikuwa kome, maana hufa kwa kiasi ambacho samaki wengi wanakivumilia. Shaba nayo ni hivyohivyo. Na anayetangulia kufa si huyo mkubwa wa kwenye video. Ni kinda mdogo kama punje ya mchanga, aliyejizika kwenye changarawe. Kwa hiyo mto unaweza kuwa na kome wa miaka mingi wamejipanga vizuri, na usipate mtoto hata mmoja. Mpita njia anasema mto una kome. Mimi naona kizazi cha mwisho.

Samaki nao wanasahaulika. Mabuu ya kome wengi lazima yajishikize kwenye mashavu ya samaki, tena si samaki yeyote. Kuna jamii ya kome iitwayo Epioblasma ambayo humbana kichwa samaki aitwaye logperch, ikampulizia mabuu, kisha ikamwachia. Weka bwawa linalomzuia samaki huyo, na kome amekwisha hata maji yawe safi kiasi gani.

Hapa Virginia, kwenye mto Clinch, lori lilipinduka mwaka 1998 na kemikali yake ikaua kome wapatao 7,000. Wangekuwa wasafishaji mnaowasema, wangeisafisha. Oktoba 2023 aina 8 za kome ziliondolewa kwenye orodha ya ulinzi ya Marekani kwa kuwa zimetoweka.

Tunaowalea kwenye vituo na kuwarudisha mtoni nasi tuna mashaka yetu. Tangu 2016 kome wa Clinch wamekuwa wakifa kwa wingi msimu wa majani kupukutika. Wagonjwa wamekutwa na virusi, lakini kama virusi ndivyo vinaua au vinamkuta kome ambaye tayari hoi, hilo bado lina ubishi. Tena ripoti zetu hupenda kuhesabu waliopona baada ya mwaka. Kupona si kuzaa. Nikiambiwa mradi umefanikiwa, nauliza: watoto wao wako wapi? Mara nyingi chumba kinanyamaza.

Ndiyo maana kabla ya kuachia kundi zima ninapenda tuweke makinda machache mtoni, ndani ya vifuniko vya zege vyenye wavu. Wakidumaa au wakifa, hao wengine wanabaki kituoni, na mwenye bajeti anune atakavyo.