Tegi ya bidhaa ni nini, na ichapwe kwenye karatasi gani?

Tegi ni kile kikadi kinachoning'inia kwa uzi kwenye nguo, kikapu au ndala dukani. Wengi tunakiita lebo, na hakuna anayekosea sana, ila wachapaji hutofautisha: lebo hushonwa au hubandikwa ikakaa, tegi hufungwa tu, na mnunuzi akifika nyumbani anaikata. Kwa hiyo maisha yake ni mafupi, kutoka kwa fundi hadi kwa mteja. Karatasi yake ichaguliwe kwa yale itakayokutana nayo humo njiani. Uzuri wa sampuli kwenye meza ya mchapaji haukwambii hilo.

Ingia steshenari yoyote ya Arusha useme unataka tegi, swali la kwanza ni, "Dada, gramu ngapi?" Gramu hizo ni uzito wa karatasi yenye ukubwa wa mita moja ya mraba. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ni gramu 80. Kwenye mita ya mraba hutoka A4 kumi na sita, ndiyo maana moja ina uzito wa gramu 5 hivi. Tegi huanzia gramu 300, na 350 inashika vizuri zaidi. Ukishuka chini ya 250 inajikunja na tundu linachanika. Lakini gramu si unene. Kadi ya kung'aa imepakwa chokaa laini na kushindiliwa, hivyo yenye gramu 300 huweza kuwa nyembamba kuliko kadi isiyopakwa yenye gramu hizohizo. Ishike mkononi kwanza.

Hiyo ya kung'aa, ambayo wachapaji huiita "art card", hutoa rangi kali na picha safi. Shida yake niliionja mwenyewe. Nilichapisha tegi 500 za vikapu vya ukili, nikazipiga lamineti, ule utando mwembamba wa plastiki, pande zote mbili, nyuma nikaacha mstari wa "Bei" na mwingine wa "Aliyesuka". Siku ya kuzijaza, wino wa peni ukawa unafutika kwa kidole! Tukaishia kubandika stika za bei juu ya tegi mpya, aibu tupu. Lamineti ingepigwa mbele tu, nyuma ikaachwa kavu, yasingetokea. Kama utaandika chochote kwa mkono, acha upande mmoja wazi.

Siku hizi kila mwenye bidhaa ya asili anataka kaki, karatasi ileile ya bahasha za kahawia. Kwa vikapu, na kwa pakiti za kahawa ya Moshi, inapendeza kweli. Ila wino wa kawaida wa kuchapia unapitisha mwanga, kwa hiyo rangi ya karatasi inaonekana chini yake. Njano inageuka tope, kijani cha jani la mbuni kinafifia, na nyeupe haitoki kabisa, maana printa ya kawaida haina wino mweupe. Inachokifanya ni kuacha karatasi ionekane. Kwenye kaki chapa nyeusi. Ukitaka nyeupe, tafuta anayechapa kwa skrini, yaani kwa kupitisha wino kwenye kitambaa cha wavu.

Kaki pia inanyonya. Ukiifunga kwenye ndala za ngozi iliyopakwa mafuta, baada ya siku chache ina doa. Ukiianika kwenye kibanda cha nje wakati wa masika, Machi hadi Mei, inalegea na tundu linapanuka. Riveti, kile kipete kidogo cha chuma kwenye tundu, inasaidia sana. Kwa chupa ya asali, ambayo haikosi kunata, mimi ningetumia kadi yenye lamineti.

Ipo na karatasi ya plastiki, haichaniki wala hailowi. Nyingine hazivumilii joto la printa ya leza, zinajikunja humo ndani, kwa hiyo muulize mchapaji kabla hajaingiza. Katazo la Juni 1, 2019 lilihusu mifuko ya plastiki ya kubebea, si tegi. Hata hivyo, kikapu cha ukili chenye kikadi cha plastiki naona kinajikana chenyewe.

Uzi nao usisahaulike. Kamba nyembamba ya katani inakaa vizuri kwenye kikapu, lakini singa zake hunasa kwenye nguo laini, kwa hiyo gauni la kitenge lifungwe uzi wa pamba.

Kabla ya kulipia mia tano, omba vipande viwili vitatu vya kadi tofauti. Viandike kwa peni, vinyunyizie maji, kisha vifunge kwenye bidhaa yenyewe na kuviacha mlangoni siku mbili watu wakipita na kuvigusa. Mimi, cha kaki kilirudi na alama za vidole, maandishi yangu yakisomeka. Cha kung'aa kilirudi kisafi, bila bei.