Dada wa Malaba, sio kweli kwamba sote tuna virusi vya ukimwi

Hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, jioni matrela yakipanga foleni utasikia ati madada wa gesti, wanaouza mwili, ndo wanaleta ukimwi kwa madereva. Jamani, mara nyingi ni mteja mwenyewe anapandisha pesa mara mbili ili kondomu isitumike, na dada anadaiwa chumba na karo ya watoto, sasa ajibu nini? Hatari iko hapo, kwa pesa, pombe, kupigwa na kuogopa polisi, sio idadi ya wanaume peke yake.

Inayoniuma zaidi ni hii ya madada kuambiana "sote tunayo, tupime ya nini". Uongo! Kampala mwaka 2008 na 2009 walipima wanawake zaidi ya 1,000 wa kazi hii na wa mabaa, wenye virusi walikuwa 37 kwa kila 100. Ni wengi sana, lakini ina maana zaidi ya nusu hawakuwa navyo, na hao wana kitu cha kulinda. Na mwenye navyo akimeza ARV vizuri mpaka virusi visionekane kwa kipimo, hamwambukizi mtu kwa ngono.

Halafu "huyu ni bwanangu, namjua". Wateja wote wanavaa kondomu, wa nyumbani havai, na hajawahi kupima.

Kondomu mbili kwa pamoja zinasuguana zinapasuka. Vaselini inaharibu mpira, omba jeli ya maji kliniki. Kujiosha ndani na sabuni hakutoi virusi, kunakuchubua tu na hatari inazidi.

PrEP nayo, vidonge vya kukinga virusi kabla hujaambukizwa, wengi wanaikataa juu mkebe unafanana na wa ARV, bwana akiuona anasema unaumwa. PrEP ni ya mtu ambaye HANA virusi, unapima kwanza, unameza kila siku, na kwa mwanamke ngoja kama siku 7 ndo kinga ikamilike. Haizuii mimba wala kisonono, kondomu ibaki kwa mkoba. Kuna pia sindano ya kinga, lenacapavir, moja kila miezi sita, waliijaribu kwa wasichana wa Uganda na Afrika Kusini na matokeo ya 2024 yalionyesha hakuna hata mmoja kati ya waliodungwa aliyeambukizwa.

Kondomu ikipasuka usingoje uone dalili, hapo ni PEP, dawa za kuzuia virusi baada ya kukutana na hatari, uzianze ndani ya masaa 72, na mapema ndo bora, unameza siku 28 zote. Hata kama ulibakwa na unaona aibu kueleza, nenda tu, daktari mwambie "nataka PEP", inatosha kuanza.