Kabla ya peni mpe njegere amenye

Kila Januari shule zikifungua napata swali lile lile, yaani wazazi wanabadilika ila swali halibadiliki: mwanangu ana miaka mitano, alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, saizi anatembea na maneno yanakuja ila peni hawezi kabisa na shule wamesema mpaka ajue kuandika moja mpaka kumi, sasa nifanyeje? Nikiuliza nyumbani mmejaribu nini, mama anatoa daftari kwenye pochi. Limejaa. Amemshika mtoto mkono wakaandika wote a a a a kurasa na kurasa, na nikiomba wanionyeshe wanavyofanya naona mama anaangalia daftari, mtoto anaangalia mlangoni.

Hapo kwenye mlango, yaani mkono uko kwenye peni ila jicho liko kwingine, ndo nataka tukae leo.

Mimi ni mtaalamu wa tiba kazi hapa Moshi. Kazi yetu ni kumsaidia mtu aweze mambo yake ya kila siku, kula, kuvaa, kucheza, kuandika, na chuo cha fani hii kiko hapa hapa hospitali ya KCMC ndo maana wenyeji wa huku wengi wameshatusikia. Sasa kuandika sio kazi ya mkono peke yake. Jicho linaona kitu, ubongo unapima kiko wapi na kina umbo gani, mkono unatumwa, halafu jicho linausindikiza ule mkono njiani na kuurekebisha ukipotea. Kwa mtoto mwenye utindio wa ubongo (ubongo uliumia mapema, misuli haitii vizuri), au Down syndrome (hali ya kuzaliwa nayo), au aliyezaliwa njiti, au aliyepata manjano makali akiwa mchanga, huo mnyororo unaweza kukatika popote, kwa mmoja kwenye kuona, kwa mwingine kwenye kupima, kwa mwingine mkono wenyewe umekaza. Ukimshika mkono ukaandika, kuona umeona wewe, kupima umepima wewe, kurekebisha umerekebisha wewe, yeye amekuazima vidole tu.

Na kuna mpangilio jamani, hauruki. Watoto wengi wanaiga mstari wa kusimama wakiwa na kama miaka 2, duara 3, msalaba 4, mraba kwenye 4 na nusu hivi, pembetatu 5. Herufi a ni duara na mstari vimeshikana. Kwahiyo mtoto ambaye duara bado, hata awe na miaka sita, ile a unamdai kitu ambacho hajafika, mfuate pale alipo usifuate keki ya birthday.

Kabla ya zoezi lolote mpeleke akapimwe macho. Nasisitiza hili kwasababu watoto wenye utindio wa ubongo wengi wana shida ya kuona pia na mtu anakwambia "hapana huyu anaona vizuri, simu anaangalia". Simu inawaka yenyewe na iko karibu na uso, haikupi jibu. Ukiona makengeza, macho yanachezacheza, au kitu cheupe ndani ya mboni usisubiri tarehe ya kliniki, nenda wiki hiyo hiyo.

Cha pili kukaa, na hapa watu wanapita haraka mno. Mtoto ambaye kiwiliwili kinayumba anatumia nguvu yake yote asianguke, mkono anabaki nao wa kujishikia. Miguu ikanyage chini, sio inaning'inia kwenye sofa, meza ifike usawa wa kiwiko. Kama hawezi kukaa mwenyewe, mweke kwenye kona ya ukuta, au ndani ya beseni umezungushia vitenge pembeni, mikono ikiwa huru ndo tunaanza.

Sasa jikoni. Bibi mmoja wa Uru ndo alinifundisha kuheshimu jiko, alikuwa anakaa na mjukuu wake mchana anamenya njegere, mtoto anapewa maganda yaliyopasuka kidogo amalizie. Fikiria kilichomo humo: mkono mmoja unashika ganda mwingine unafungua, kidole gumba na cha shahada vinachomoa punje, jicho lazima liwe pale pale maana punje ikiruka imepotea, na ikidondoka kwenye bakuli inalia tii, mtoto anajua amepata. Kupukuchua mahindi hivo hivo, na mahindi yana nguvu zaidi ni mazuri kwa vidole vilivyolegea. Kutumbukiza visoda kwenye kopo ulilotoboa mfuniko. Kuanika soksi, vile vibanio vya nguo vinajenga kabisa vidole vitatu vitakavyokuja kushika peni. Unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kimoja, maji kidogo kidogo mpaka ushikamane, unafinyanga nyoka na vidonge wiki nzima. Ila tafadhali, mtoto ambaye bado anaweka vitu mdomoni usimpe maharage wala punje, zinaingia puani na masikioni na zinapaliza, huyo mpe viazi vidogo vilivyochemshwa ahamishe sufuria kwenda sufuria, na usiondoke.

Weka bakuli upande wa pili wa mwili wake, yaani anachukua kulia anaweka kushoto, ili mkono uvuke katikati ya kifua, maana watoto wetu wengi hawavuki, wanafika katikati wanabadilisha mkono. Na kama mtoto hajafika mwaka na tayari anatumia mkono mmoja tu mwingine amekunja ngumi, usifurahi kwamba amechagua mapema, mlete aonwe. Huyu mkubwa anayependa kushoto mwacheni na kushoto kwake, najua bibi hapendi, mwelezeni taratibu.

Peni bado. Kabla yake kuna kijiti kwenye vumbi, kidole kwenye unga uliotandazwa kwenye sinia, halafu mkaa au chaki fupi ukutani nje. Ukutani kwasababu kiganja kinainuka chenyewe na bega linafanya kazi, na fupi kwasababu chaki ya urefu wa kidole gumba haina nafasi ya kushikwa kwa ngumi. Mwanzo mstari wa kushuka, mvua hiyo inanyesha, ukikubali duara, jua la Kilimanjaro wingu likitoka.

Jinsi ya kusaidia ndo ngumu kwa mzazi, naona kabisa mikono inawawasha. Sema "angalia" kwanza, gonga bakuli, subiri jicho lifike. Likishafika subiri tena, hesabu moyoni mpaka kumi. Akishindwa msukume kwenye kiwiko, sio kwenye vidole. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni zinafaa kuliko saa nzima ya Jumamosi, maana ubongo wa mtoto unajifunza kwa kurudiarudia na umakini wake ni mfupi, na ndo maana nyumbani ni muhimu kuliko kwangu: mama anayetoka Rombo namuona mara moja kwa mwezi, jiko lake analiona kila siku. Kuhusu simu kama mazoezi, Shirika la Afya Duniani (WHO) walisema mwaka 2019 chini ya miaka 2 isiwepo kabisa, na kuanzia miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku, na kuteleza kidole kwenye kioo hakuna kushika wala kufinya wala uzito.

Simu itumie hivi: mrekodi dakika moja akimenya, hakikisha uso na mikono vyote vinaonekana, mwezi unaofuata mrekodi tena na kazi ile ile. Ukija kliniki njoo na hizo video mbili, daftari liache nyumbani.