Brasserie ya Paris: agiza kilichoanza kupikwa asubuhi

Ndugu na marafiki wakija Paris huniuliza wakale wapi chakula cha kushiba, kisicho na mbwembwe. Nawapeleka brasserie, yaani mgahawa mkubwa wa Kifaransa unaopika mfululizo mchana hadi usiku, na nawaambia mapema kwamba kutakuwa na kelele. Sahani zinagongana, wahudumu wanapishana mbio na trei mabegani, na meza zimebanana hadi mhudumu inabidi aivute moja nje ndipo mgeni apate kupenya na kuketi kwenye kochi la ukutani. Wapo wanaoona zogo lile wakaamua hapawezi kuwa na chakula cha maana. Mimi nimepika miaka mingi kwenye majiko ya namna hiyo, na naamini kabisa kwamba wingi wa watu ndio unaokifanya chakula chake kiwe kizuri, mradi mlaji ajue cha kuagiza.

Zamani brasserie ilikuwa mahali pa kutengenezea bia na kuinywea hapohapo. Waliozieneza Paris ni watu wa Alsace, mkoa wa mashariki unaopakana na Ujerumani. Frédéric Bofinger alifungua yake karibu na Bastille mwaka 1864. Kisha Ufaransa ikashindwa katika vita vya 1870 hadi 1871, Alsace ikatwaliwa na Ujerumani, na watu wengi wa huko wakahamia upande wa Ufaransa. Mmoja wao, Léonard Lipp, akafungua brasserie Boulevard Saint-Germain mwaka 1880. Miaka hiyohiyo mdudu aitwaye phylloxera alikuwa anatafuna mizizi ya mizabibu nchi nzima, divai ikaadimika, bia ikapata soko. Watu wa Alsace walikuja pia na chakula chao: kabichi iliyokatwa nyembamba ikachachushwa kwa chumvi, soseji, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Ni chakula kinachojiivia taratibu chenyewe, mpishi akishughulika na mengine.

Na hilo ndilo linaloeleza menyu nzima. Migahawa mingi ya Ufaransa hupika mchana kwa saa mbili hivi, jiko likafungwa, likafunguliwa tena jioni. Brasserie ya kweli hupika mfululizo, kuanzia mchana hadi karibu na saa sita usiku. Ukumbi kama La Coupole, uliofunguliwa Montparnasse Desemba 1927, unachukua mamia ya watu kwa wakati mmoja. Huwezi kulisha ukumbi wa namna hiyo ikiwa kila sahani unaianza upya. Kwa hiyo vyakula vya brasserie vina nusu mbili: nusu ndefu inayopikwa asubuhi bila haraka, na nusu fupi inayomaliziwa oda ikiingia.

Chukua supu ya vitunguu, ambayo kwangu ndiyo mtihani wa jiko lote. Asubuhi tunaweka sufuria pana, siagi, na rundo la vitunguu vilivyokatwa vyembamba, moto mdogo. Nusu saa ya kwanza vinalegea tu na kutoa maji. Maji yakikauka, sukari ya kitunguu inaanza kushika rangi na chini ya sufuria panajenga utando wa kahawia. Hapo unamwagia maji kidogo au divai nyeupe, unakwangua utando kwa mwiko, unaacha ushike tena, unakwangua tena. Kazi hiyo inapita saa nzima, na mtu asimame hapo. Jiko lenye haraka huongeza moto, vitunguu vikaungua kingo huku ndani vikiwa vibichi, kisha likaongeza sukari ili kuficha. Supu ya namna hiyo utaijua mara moja: inaanza na utamu wa pipi, inamalizia na uchungu nyuma ya ulimi.

Vitunguu vikiwa tayari vinapata supu ya mifupa ya ng'ombe, na sufuria inangoja. Oda ikija kazi ni ya dakika chache: bakuli la udongo, supu, vipande vya mkate wa jana (wa leo ungeyeyuka), jibini ya Gruyère au Comté iliyokunwa, kisha chini ya moto wa juu mpaka jibini itokote na kushika madoa ya kahawia. Ikiletwa kwako jibini iwe imeganda hata kwenye ukingo wa bakuli, na ukiikata kwa kijiko mvuke utoke. Huko Les Halles, palipokuwa na soko kuu la chakula la Paris, brasserie ya Au Pied de Cochon iliyofunguliwa miaka ya 1940 imejijengea jina kwa supu hii, enzi ambazo wapagazi na wachuuzi wa soko kuu waliinywa alfajiri baada ya kupakua mizigo usiku kucha. Soko lilihamishiwa Rungis, nje ya jiji, mwaka 1969. Supu ilibaki.

Chipsi nazo zina nusu mbili. Mara ya kwanza viazi vinakaangwa kwenye mafuta ya nyuzi 150 hadi 160 hivi, viive ndani bila kupata rangi, kisha vinaopolewa vipoe. Oda ikija vinarudi kwenye mafuta ya nyuzi 180 na kitu, dakika mbili au tatu, ngozi ikauke na kukakamaa. Muuza chipsi wa Dar es Salaam anayekaanga rundo lake mapema kisha akalirudisha kwenye karai mteja akifika anafuata kanuni ileile. Nyama ya ndama kwenye mchuzi mweupe, mapaja ya bata yaliyoiva polepole ndani ya mafuta yake, kari ya kondoo inayouzwa La Coupole kwa miaka mingi: vyote viko katika kundi hili.

Sasa, zogo linaingiaje? Chakula cha nusu mbili kina adui mmoja, nalo ni kungoja kupita kiasi. Mchuzi uliopashwa moto siku tatu unakuwa mzito na mchovu, na chipsi zilizokaangwa mara moja jana zinakunywa mafuta leo. Ukumbi ukijaa sufuria inaisha usiku uleule, na asubuhi tunaanza na sufuria safi. Chaza ndiyo kabisa. Brasserie kubwa huziweka kwenye barafu kibandani nje ya mlango, na fundi wake huzifungua moja moja kwa kisu kadiri zinavyoagizwa. Mahali patupu sithubutu kula chaza.

Kwa kanuni hiyohiyo kuna vya kuepuka. Saa saba mchana, jiko likiwa limefurika, usiagize kitu kinachohitaji mpishi asimame juu yake dakika ishirini, kama risoto. Ukiona menyu ina pizza, sushi na kabichi ya Alsace kwa pamoja, jua vingi vimetoka kwenye friza. Tafuta pia alama ya sufuria yenye kifuniko cha umbo la paa la nyumba. Tangu 2014 sheria ya Ufaransa inairuhusu kwa chakula kilichopikwa hapohapo kutokana na vyakula vibichi. Iangalie kwa kila sahani, maana mahali pamoja pengine wanapika supu wenyewe na keki wananunua.

Kwa wasiokula nguruwe wala kugusa pombe, nasema wazi kwa sababu wengi huona haya kuuliza: brasserie imejaa vyote viwili. Kabichi ya Alsace, hata ile inayowekwa samaki badala ya nyama, kwa kawaida hupikwa na divai. Supu ya vitunguu mara nyingi nayo ina divai, na nyama yake kwa kawaida si ya halali. Lakini kuna mayai ya mayonezi, liki zilizochemshwa zikawekwa siki na haradali, kimanda, na samaki wa kukaangwa kwa siagi na limau. Uliza tu, ila anza na bonjour. Mhudumu aliyepewa swali kabla ya salamu hujibu kwa mkato, na ana haki.

Bei unayoiona kwenye menyu imeshajumuisha huduma, asilimia 15, kwa hiyo bahashishi ni hiari. Maji ya bomba ni bure. Omba carafe d'eau, yaani jagi la maji, na mkate utaletwa bila kuongezewa bei.

Nenda saa sita na robo mchana, kabla ya wafanyakazi wa maofisini kumiminika, na tazama ubaoni chakula cha siku. Hicho ndicho mpishi alichokianza kwanza asubuhi, na sufuria yake huwa ni moja. Ukikuta wameshakifuta, muulize mhudumu nini kingine kilianza kupikwa asubuhi. Wengi wao hufurahi kuulizwa, na watakwambia ukweli.